Nyumba Iwe Tupu

"Shingo ndiyo ngumu," Pernel alisema, sindano ikiwa imebanwa kwenye kona ya mdomo. "Mbawa zinatoka zenyewe tu. Ila shingo walishona mara mbili."

Crispin, bawabu wa nyumba ya Brakenham, alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha kufulia akitafuna kipande cha mkate mkavu. Akaacha kutafuna. Akajishika shingo.

"Mama, chagua maneno. Habari za shingo kwenye nyumba hii zimetutosha."

Pernel alivuta uzi wa buluu, uzi ukatoka kwa kulalamika, akauzungushia kidoleni pamoja na wenzake. Shuka la kitani lilikuwa limemwagika mapajani mwake mpaka sakafuni, na pembeni yake kulikuwa na korongo aliyeshonwa, samaki mdomoni, mguu mmoja juu. Korongo, nembo ya ukoo wa Marrick. Kwenye kila shuka alikuwepo, kila kitambaa cha meza, kila foronya. Juu ya geti walikuwa wameshamkwangua kwa patasi, na pale ukumbini juu ya meko walimpaka rangi nyeusi. Waliobaki ni hawa wa kitani, na hawa walikuwa kazi ya dobi, Pernel. Wakili alishasema: bwana mpya akifika kesho asikute hata unyoya.

Alipomaliza shingo akaliinua shuka dirishani.

"Njoo uone."

Crispin akasogea. Nyuzi zilikuwa zimeisha, kitani kimebaki cheupe. Lakini kila mahali sindano ilipopita miaka yote ile palikuwa na kitundu, na mwanga wa asubuhi ulikuwa unapenya humo. Korongo alikuwa bado amesimama pale pale, safari hii wa mwanga mtupu.

"Nimelifua," Pernel alisema. "Nimelipiga kwenye jiwe. Nimelianika juani wiki nzima. Haondoki."

"Bwana mpya akilala atazima mshumaa. Hatamwona."

"Atamlalia."

"Basi na adonolewe matako." Crispin alicheka peke yake, halafu akaona aibu, akarudia mkate wake.

Bwana Anselm Marrick alikatwa kichwa London kabla ya Pasaka. Wengine walisema alimtukana Mfalme mezani, ameshiba. Wengine walisema wala hakutukana, alicheka tu pale mwingine alipotukana. Kwa vyovyote, kukatwa kichwa hakuna nusu. Kichwa chake walikichomeka kwenye mti juu ya geti la daraja, watu wapite chini wajifunze. Mwili waliufukia kando ya ngome bila kengele. Nyumba ikawa ya Mfalme. Mfalme akamgawia mtu mmoja wa kasri aliyekuwa anamfurahisha, mtu ambaye hakuwahi hata kuuliza Brakenham iko upande gani. Naye akaiuza kwa mfanyabiashara wa nguo za buluu kutoka Lavenham, jina lake Gosse. Mjane na mabinti zake walikwenda kwa kaka yake kaskazini, na nguo walizokuwa wamevaa tu. Nyumba ilipita mikono yote hiyo kabla nguo za msiba hazijakauka kambani. Pernel alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyezianika.

"Kesho itakuwaje hasa?" akauliza.

Crispin alipenda kuulizwa. Baba yake alikuwa bawabu, na babu yake, na mambo ya milango waliyajua kama padri anavyojua misa.

"Watampa shamba kwanza. Bonge la udongo lenye majani yake, na kijiti cha ua. Anashika, shamba lake. Halafu nyumba. Sisi wote tunatoka. Wote, mama, hadi paka. Nyumba iwe tupu kabisa. Wakili anashika pete ya mlango, anamkabidhi. Jamaa anaingia peke yake, anafunga, anafungua, anatukaribisha. Basi, yake."

"Na mtu akibaki ndani?"

Crispin akashusha sauti. Ndiyo sauti aliyokuwa akiwatishia wasichana wa jikoni. "Atakayefungiwa ndani ule mlango ukifungwa, huyo ni mali ya nyumba. Kama bawaba. Kama tofali. Hatoki tena mpaka siku ya kiyama."

Alisubiri Pernel acheke. Pernel alikuwa ameishusha sindano.

"Mama, natania."

"Najua," alisema. Lakini mikono yake ilikuwa imesimama.

Kulikuwa na alama ukutani.

Ilikuwa kwenye ule ujia mrefu unaotoka kanisa dogo la nyumba kwenda ukumbini, kwenye chokaa nyeupe, usawa wa mkono wa mtu mrefu. Alama ya kijivu, ya unyevunyevu, kama mtu ameburuza kiganja. Ilianza kwenye mlango wa kanisa, ikapita dirisha, ikapita ngazi, ikafika kwenye kona ambapo ukuta unakata kwenda ukumbini na mlango mkubwa. Hapo ilivurugika. Ilipanda, ikashuka, ikazunguka, halafu ikarudi ilikotoka.

Pernel aliisugua kwa maji ya majivu kila asubuhi. Mchana ilikuwa imerudi, ikimeta.

Mpishi alisema ni unyevu. Crispin alisema ni mbwa. Mbwa alikufa wakati wa baridi, Pernel akamkumbusha. Crispin akasema basi ni unyevu.

Pernel alijua ni nani. Alijua tangu siku ya kwanza, ndoo mkononi. Mwili wa Bwana Anselm ulikuwa umerudi nyumbani. Umerudi kama mwanamume yeyote anavyorudi, kwa miguu kuzoea njia, lakini macho yalibaki London. Angeuonaje mlango? Na kumwita amwiteje? Masikio nayo yako huko huko, juu ya daraja, yanasikiliza mashua. Kilichobaki ni mikono. Kwa hiyo alikuwa anapapasa. Mchana kutwa alikuwa anapapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe, akifika kwenye ile kona anapotea.

Pernel ndiye aliyemnyonyesha. Binti yake mwenyewe alizikwa asubuhi, na jioni wakamletea huyu, amefungwa kwenye kitani chenye korongo, mwekundu, mwenye hasira, na maziwa yakamtoka Pernel kabla hajamgusa, kama machozi ya mtu mwingine. Baadaye alipoanza kutembea alikuwa anashika kamba ya aproni yake. Aproni ina kamba mbili za kufungia nyuma. Pernel aliziacha ndefu makusudi, na mtoto alishika ya kushoto, siku zote ya kushoto, akamfuata kutwa kutoka kisimani hadi kwenye ua wa kuanikia, akianguka, akiinuka bila kuachia. Hata alipokuwa bwana mkubwa, ana ndevu na upanga, akipita chumba cha kufulia aliivuta ile kamba, fundo likafunguka, naye akaenda zake akicheka. Hicho kicheko chake! Kama kweli alicheka mezani mbele ya wambea, Pernel alijua kilisikika mpaka barabarani.

Sasa kesho wangefunga mlango na yeye yumo ndani.

Aliinuka. Akaenda kuitoa kamba ya kuanikia.

Ilikuwa kamba ya katani ya zamani, ndefu, imelainishwa na maji ya miaka mpaka ikawa laini kama sikio. Kwenye ujia ule misumari ya mapazia ilikuwa bado ukutani. Mapazia yenyewe yalishauzwa. Pernel alianza mlango wa kanisa, akaikaza kamba msumari hadi msumari, juu tu ya ile alama, ili mkono unaopapasa uikute. Dirishani. Ngazini. Alipofika kwenye kona akaipitisha, taratibu, akaielekeza ukumbini.

"Mama," sauti ikasema nyuma yake, "humu ndani mvua inanyesha?"

Alikuwa mwanamume mfupi, mnene kidogo, buti zimejaa matope, kofia ya sufu imemkaa upande.

"Mizigo inashukia mlango wa nyuma, baba," Pernel alisema bila kugeuka sana. "Na ukipita jikoni usiguse pai, ni ya wageni wa kesho."

"Sijagusa. Nimeinusa tu."

Alisogea, akaishika kamba kati ya vidole viwili, akaisokota kama mtu anayekagua uzi sokoni. Pernel aliona kucha zake. Zilikuwa za buluu. Siyo uchafu, buluu ya ndani, mpaka kwenye ngozi.

"Umeshika nini wewe?"

"Rangi. Nimeanza kuchovya nguo sijajua hata kuvaa suruali vizuri."

"Ungeloweka kwenye maji ya majivu."

"Nimeloweka mpaka ngozi ikabanduka. Mpya ikaota ya buluu vile vile." Akacheka. "Kamba nzuri hii. Imeshaanikia watu wengi."

Hapo ndipo Pernel alipoelewa. Ncha ya kamba ikamponyoka, akainama mpaka magoti yakalia. "Bwana Gosse. Nisamehe, bwana."

"Inuka, mama, inuka. Bwana wa kesho hiyo. Leo bado ni Lambert, na nyumbani mke wangu ananiita we." Alitazama ujia wote, kutoka kanisani hadi kwenye kona. "Nimekuja mapema niione ikiwa imenyamaza. Wakili anaongea sana. Sasa niambie, kamba ya nani?"

Pernel alifikiria uongo. Alikuwa nao kadhaa, wa kawaida tu, wa nyumba kubwa. Wote ukamkauka.

"Ya mtu asiyeona."

"Kuna kipofu humu?"

"Hakuzaliwa hivyo."

Lambert Gosse alikuwa ameshaiona alama chini ya kamba. Aliweka kiganja chake juu yake, kikakaa sawasawa, na Pernel akaona nywele za shingoni mwa yule mtu mnene zikisimama. Akautoa mkono haraka. Ulikuwa umelowa. Aliufuta kwenye koti, akaufuta tena.

"Nimenunua nyumba tupu," alisema, polepole. "Wakili ameapa ni tupu."

"Ndiyo, bwana."

"Mke wangu hatalala humu kama siyo tupu."

"Ndiyo maana naweka kamba."

Akatazama aproni yake. "Wewe ndiye dobi? Baki basi. Mke wangu ni mtu wa mashuka, na wa kufua tulionao wanayachana. Utalala kwenye chumba chenye moto. Una pengine pa kwenda?"

"Kwa dada yangu, ng'ambo ya mto. Ana mbuzi na mume mbaya."

"Hapa hakuna mbuzi."

Pernel angecheka siku nyingine. Chumba chenye moto! Mifupa ya dobi inajua maana yake. "Nitakujibu kesho," alisema, "mlango ukishafunguliwa."

Kesho yake ukungu ulikaa chini kama maziwa yaliyomwagika. Majirani walikuja kuwa mashahidi: wapangaji wa mashamba, msaga unga, padri, wote mikono kwapani. Wakili Ambrose Peck alikuwa na mafua, na kila neno la sheria lilitoka na kamasi yake. Akakata bonge la udongo shambani, akachomeka kijiti juu yake kama mtu anayepamba keki, akamkabidhi Lambert Gosse mbele ya watu. Shamba likahama. Kunguru walikuwa juu yake, na hawakuinua hata kichwa.

Halafu nyumba.

"Wote nje!" Peck alipiga kelele ukumbini. "Mwanamume, mwanamke, mtoto, mbwa! Akibaki hata mmoja anayepumua, makabidhiano ni bure na mimi nimekuja na mafua yangu bure! Na hiyo kamba ni ya nini? Nani ameifunga nyumba kama mzigo? Toa!"

Pernel alikuwa amesimama na ndoo yake. Alimtazama Crispin, Crispin akatazama chini. Bawabu ni mtu wa kuamriwa. Alikwenda, akaifungua kamba kutoka mlango mkubwa, akaja nayo akiikunja, msumari baada ya msumari, upande wa ukumbi wote. Alipofika kwenye kona akasita. Akaangalia kushoto na kulia. Akalitundika kunjo lote la kamba kwenye msumari wa kona, akaiacha ile sehemu ya ujia ilivyo.

"Umemaliza?" Peck aliita.

"Nimemaliza, mheshimiwa," Crispin alisema, akapita mbele ya Pernel bila kumwangalia.

Wakatoka. Mpishi na sufuria yake, wasichana wa jikoni wakisukumana, mtunza farasi, wote wakapanga mstari kwenye changarawe. Peck akashika pete ya mlango, chuma baridi, akawageukia.

"Mbele ya mashahidi. Nyumba ni tupu?"

"Tupu," mpishi alisema.

"Bawabu?"

"Tupu kama tumbo langu, mheshimiwa."

Watu wakacheka kidogo. Peck akanyoosha kidole. "Na wewe, dobi?"

Neno moja tu lilitakiwa. Neno fupi, na nyuma yake kulikuwa na chumba, moto, mashuka ya watu wengine mpaka afe. Pernel alilifungulia mdomo. Likatoka jingine.

"Bado kuna mtu."

Minong'ono ikapita kwenye mstari. Peck akachomoa leso, hakupiga chafya. "Nani?"

"Yumo kwenye ujia."

Ikabidi wakatafute. Crispin na padri waliingia, wakafungua makabati, wakachungulia chini ya vitanda, na baada ya muda wakatoka na paka wa jikoni, ambaye alikuwa amemkwaruza padri puani na hakuonyesha kujuta. Sasa watu walicheka kwa nguvu. Msaga unga alisema huyo ndiye mrithi halali, apewe pete.

"Siyo paka," Pernel alisema.

"Basi nani, mwanamke?"

"Bwana Anselm."

Kicheko kikafa mdomoni mwa kila mtu. Jina lile lilikuwa halijatajwa kwa sauti pale uani tangu Pasaka. Msaga unga alivua kofia. Peck alipomtupia jicho, akairudisha kichwani haraka kama imemuunguza.

"Umemtaja msaliti wa Mfalme," Peck alisema, na mafua yote yakawa yamemtoka sautini, "mbele ya mashahidi. Unajua kuna watu wamekatwa masikio kwa chini ya hapo?"

Pernel alisema, kwa sababu ilikuwa kweli: "Yeye walishamkata yote."

"Wakili." Lambert Gosse alikuwa anapulizia vidole vyake vya buluu. "Sheria inasema nini, mtu yeyote au mtu anayepumua?"

"Anayepumua, bwana Gosse, lakini huyu mwanamke..."

"Yule anapumua?"

Peck akafikiri. "Kwa mujibu wa mahakama, hapana."

"Basi nyumba ni tupu, na huyu mama ni mzee, na mimi miguu imekufa ganzi. Twende."

Watu wakashusha pumzi, mtu mmoja akacheka tena. Pernel hakucheka. Kwake maneno yale yalikuwa ni mlango wenyewe, umeshafungwa. Alimsogelea yule mtu mnene karibu kuliko dobi anavyoruhusiwa, akasema chini chini:

"Usifunge haraka. Na ukifungua, usisimame katikati ya mlango. Nakuomba, baba."

Lambert Gosse alitazama buti zake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Peck akamwekea pete mkononi, akatamka alichotamka, na bwana mpya wa Brakenham akaingia peke yake. Mlango mkubwa ukafungwa. Ulitoa ile sauti yake ya siku zote, ya kukohoa.

Desturi ni kufunga na kufungua. Mtu hata haondoi mkono kwenye mbao.

Hakufungua.

Peck alipiga chafya. Mpishi akasema pai itapoa. Ukungu ukahama kidogo, ukarudi. "Labda anahesabu vyumba," Crispin alisema. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe sura yake haikuwa ya utani.

Halafu wakasikia nyayo, mbali, kama za mtu anayekwenda upande wa kanisa. Zikasimama. Kitu kidogo cha chuma kikaanguka kwenye mawe, kikabingirika: msumari. Halafu nyayo zinarudi, lakini zinarudi taratibu sana, hatua, kituo, hatua, kama unavyotembea na mgonjwa.

"Bwana Gosse?" Peck aliita.

Mlango ukafunguka kwa ndani.

Lambert Gosse alitoka kinyumenyume. Kamba ya kuanikia ilikuwa imezungushwa kwenye kiganja chake cha buluu, na kutoka kiganjani ilikwenda ukumbini, kwenye giza la ile kona, ikiwa imekaza. Siyo kukaza kwa kamba iliyofungwa ukutani. Pernel aliijua tofauti. Ameanika maisha yake yote. Ilikuwa inacheza, inalegea kidogo na kukaza, kama vile inapokuwa na mtu upande wa pili anayekusaidia kuishika.

Akavuka kizingiti. Uso wake ulikuwa mweupe na macho yake yalikuwa yametazama ndani, usawa wa juu kidogo kuliko yeye, mahali ambapo pangekuwa kifua cha mtu mrefu. Akasogea pembeni. Akaubana mgongo wake kwenye nguzo ya mlango, tumbo lote amelivuta ndani, akaacha nafasi.

Akavua kofia.

Kamba ikalegea. Ikaanguka kwenye mawe.

"Unafanya nini?" Peck alinong'ona. "Waite waingie! Desturi inasema uwaite!"

"Ngoja," Lambert Gosse alisema.

Pernel alikuwa ameshaiweka ndoo chini. Alitembea mpaka kwenye ngazi za mlango, akageuka, akaipa nyumba ile mgongo, akafungua fundo la aproni yake nyuma kiunoni, akaziacha zile kamba mbili zining'inie, ndefu, kama alivyokuwa anaziacha zamani. Akasimama. Hakuangalia nyuma. Mtoto anayejifunza kutembea ukimwangalia anaogopa.

Mashahidi waliulizwa baadaye, nyumbani, kwenye vilabu vya pombe, na wake zao. Kila mmoja alisema alikuwa anatazama kitu kingine.

Pernel akaanza kutembea.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Lambert Gosse, imekwaruza. "Mashuka?"

"Loweka jioni," alisema, bila kusimama. "Usiyapige sana. Na yule korongo mwache, hana neno."

Akapita mbele ya mpishi. Akapita mbele ya Crispin, na Crispin, ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu azaliwe, alirudi nyuma hatua moja akampisha, halafu akarudi hatua nyingine, akapisha tena.

Getini njia inagawanyika. Kulia ni mtoni, kwa dada, kwa mbuzi. Kushoto ni barabara kuu, inakwenda Sudbury, na ukiifuata bila kukata inakwenda London mpaka kwenye daraja lenyewe.

"Mama Pernel!" Crispin alipata sauti yake. "Kwa dada yako ni huku!"

Alikuwa ameshakata kushoto. Alikuwa anatembea pole pole, kizee kidogo cha dobi kwenye matope, kichwa kimefungwa kitambaa, aproni inapepea mbele. Nyuma yake kamba ya kulia ilikuwa inaburuzika kwenye nyasi, inakusanya umande. Ile ya kushoto haikuburuzika.

"Dimbwi hapa, baba," walimsikia akisema, kabla ukungu haujamchukua. "Inua mguu."